Kukaa kuchorwa kwenye shughuli za watu, Mtwara

Huko Uingereza, marafiki wa bibi harusi mtarajiwa hukodi mwanamume wamchore akiwa uchi. Mimi hapa Mtwara kazi hiyo ya kukaa nichorwe naifanya nimevaa kikoi, na hilo nalisema kwenye simu kabla hatujagusa bei. Nusu ya malipo itangulie. Simu za kupigia picha zikae kwenye mikoba, na mwenye shughuli ndiye awaambie wageni wake, si wewe.

Anza na mikao ya dakika moja moja, wacheke wee mpaka wachoke. Kisha ya dakika 5, halafu ile ndefu ya dakika 20, ambayo heri uikalie kitini. Ukisimama usikaze magoti. Kwa joto letu la Desemba kizunguzungu hakichelewi. Mkono wa juu ni wa mikao mifupi tu, la sivyo vidole vitakufa ganzi. Macho yako yapate msumari wa ukutani, kamwe si uso wa mgeni, utacheka. Kabla ya kupumzika, mtu azungushie nyayo zako chaki ili urudi palepale.

Wengi watakuchora kichwa kama bibo. Sifia tu. Ila atakayenyoosha mkono kukushika, vunja mkao, vaa shati, mwite mwenye shughuli.