Somo: Kuchagua kompyuta moja ya programu, gemu na kazi

Wakuu, wengi huanza kutafuta kompyuta kwa jina la kampuni au kwa kibandiko cha i7, yaani daraja la prosesa za Intel. Vyote viwili havikuambii mengi. i7 ya miaka kumi iliyopita huachwa nyuma na i3 ya kizazi cha 12. Tuanzie kwingine.

Hatua ya 1: Taja kazi yako nzito kuliko zote

Kuandika programu ni neno pana. Wa HTML, PHP au Python ya kujifunzia anatosheka na mashine ya kawaida kabisa. Anayetengeneza programu za simu kwa Android Studio, tena na emuleta yake (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), anahitaji RAM, kumbukumbu ya kazi zinazoendelea: GB 8 zitafungua, ila utakaa unasubiri. Anza na 16. Wa iPhone hana ujanja, Xcode, programu ya kutengenezea app za iPhone, haiendi nje ya macOS, mfumo wa kompyuta za Apple.

Hati, majedwali na mikutano ya video visikusumbue. Mashine inayobeba hayo mengine itavibeba. Kinachopandisha bei ni gemu.

Hatua ya 2: Ya mezani au laptopu?

Kama huhamihami, chukua ya mezani. Kwa pesa ileile unapata nguvu zaidi, inapoa vizuri, na kadi ya michoro, yaani GPU, inabadilishika baadaye.

Kwenye laptopu jina la GPU hupotosha. RTX 4060 ya laptopu hupewa umeme wa wati 35 hadi 115, kadiri mtengenezaji alivyoamua. Kwa hiyo laptopu mbili zenye kadi ya jina moja zinaweza kupishana sana kwenye gemu. Namba hiyo ya wati huandikwa TGP. Muuzaji asiyeijua, itafute mwenyewe kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Pesa iende kwa kisichobadilika

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Kwenye laptopu, prosesa na GPU karibu zote zimechomelewa kwenye ubao mama. Nyingi nyembamba zimechomelewa hata RAM: ukinunua ya GB 8, umeoa GB 8. Diski ya M.2, ile ndogo bapa, kwa upande wake, kwa kawaida hushikwa na skrubu moja. Basi ukilazimika kuchagua kati ya RAM 16 na diski ya GB 512, au RAM 8 na diski ya TB 1, chukua ile ya kwanza bila kusita.

Ila diski iwe SSD, isiyo na sehemu inayozunguka. Ile ya kuzunguka (HDD) husoma MB 100 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA, muunganisho wa zamani, hufika kama 550, na SSD nyingi za NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, hupita 3,000. Ya kuzunguka ibaki ghala la video.

Angalia pia herufi mwishoni mwa jina la prosesa: U hutunza betri, H na HX ni za nguvu.

Hatua ya 4: Skrini

4K ina pikseli mara nne ya 1080p, na GPU ndiyo inayozichora zote. Kwa kadi ya kati, 1080p ya Hz 144 (picha 144 kwa sekunde) itakufurahisha kuliko 4K inayokwama.

Hatua ya 5: Ukinunua iliyotumika

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na, kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. Hali ya betri utaiona kwa amri ya powercfg /batteryreport.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, RAM moja ya 16 au mbili za 8?
Mbili. Zinafungua njia mbili za data, na kama GPU yako ni ile ya ndani ya prosesa, inayoazima RAM, utaiona tofauti kwenye gemu.

Natumia Linux kuandikia programu. Gemu je?
Nyingi za Steam, duka la gemu mtandaoni, huenda kupitia Proton, programu inayoziwezesha gemu za Windows kwenye Linux. Zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu unaozama hadi kwenye kerneli, kiini cha mfumo, mfano Valorant, hazifunguki. Weka Windows kwenye diski ya pili.

Nimefunga GPU mpya kwenye ya mezani, gemu bado inakwama vilevile. Kadi ni mbovu?
Usiirudishe kwanza. Chungulia nyuma ya kesi: waya wa monita umechomekwa kwenye ubao mama au kwenye kadi? Uhamishie kwenye kadi, kisha sakinisha draiva zake, yaani programu za kuiendesha.