Jinsi ya Kuandaa Usiku wa Vibao vya Miaka ya 1980

Anayetaka kuandaa usiku wa vibao vya pop na dansi vya miaka ya 1980 aanze kwa kupanga nyimbo kulingana na kasi ya mapigo, si kwa umaarufu wa waimbaji. "Billie Jean" ya Michael Jackson na "Into the Groove" ya Madonna zote zina mapigo yanayokaribia 117 kwa dakika, hivyo zinaweza kufuatana bila wachezaji kupoteza hatua. "Blue Monday" ya New Order, iliyotoka mwaka 1983, hukimbia kwa mapigo 130 hivi, na mahali pake ni baadaye, watu wakishachangamka.

Inapowezekana, tafuta matoleo marefu yaliyotolewa kwenye santuri za inchi 12. Mengi huanza kwa ngoma pekee, na hapo ndipo DJ hupata nafasi ya kuunganisha wimbo mmoja na mwingine. Sikiliza mwanzo wa "Blue Monday": ngoma nzito inadunda peke yake, kisha inamwaga mapigo ya haraka mfululizo kabla kinanda hakijaingia. Kuukata mwanzo huo ni kuwadhulumu wasikilizaji.

Rekodi za wakati ule mara nyingi zina sauti ya chini kuliko matoleo yaliyosafishwa upya miaka ya karibuni, kwa hiyo sawazisha sauti mapema. Watu wakichoka, "Sexual Healing" ya Marvin Gaye ya mwaka 1982, yenye midundo ya mashine ya Roland TR-808, itawapumzisha bila kuwaondoa ukumbini.