Namna ya Kuishi na Kijana Aliyetoka Vitani

Huenda mpangaji mwenzako hapa Dodoma, au rafiki anayelala hosteli moja na mwanao, ni kijana aliyeondoka Goma mwaka 2025, au mwanafunzi ambaye masomo yake yalikatizwa na vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Maelekezo haya ni ya mwenyeji wake, kwa kuwa uwezo wa kijana kustahimili hautokani na ugumu wa moyo wake peke yake, bali pia na watu wanaomzunguka.

Usimhoji. Wengi wetu tunaamini kwamba akishasimulia yote atapata nafuu, ilhali kumlazimisha asimulie kunaweza kumrudisha kule alikokimbia. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unaelekeza kutazama, kusikiliza na kuunganisha: tazama anahitaji nini leo, msikilize akianza mwenyewe, kisha muunganishe na ndugu, shule au tiba. Akinyamaza, kaeni kimya pamoja.

Mpangie siku yenye mpangilio na umpe kazi ya kweli, kama vile kuchota maji, kusonga ugali au kumfundisha mdogo wako hesabu, kwa sababu anayetegemewa huacha kujiona mzigo. Uchunguzi uliowafuatilia kwa miaka mingi vijana waliotumikishwa na makundi yenye silaha nchini Sierra Leone, ambako vita viliisha mwaka 2002, ulionyesha kwamba kukubaliwa na familia na jamii kulichangia sana kupona kwao. Kwa hiyo mtambulishe kwa majirani kwa jina lake, na umkanye yeyote anayemwita "yule mkimbizi". Mimi naliona neno hilo, likitamkwa kwa dharau, kuwa jeraha jipya.

Jiandae kwa sauti. Mvua zetu huanza takriban Desemba, na radi inayopiga juu ya bati usiku inaweza kumfanya ajifiche chini ya kitanda. Mwambie mapema, wingu linapotanda, kwamba ngurumo zinakuja. Hofu ikimshika, usimguse ghafla wala usimwambie ajikaze. Mwite jina kwa sauti ya chini, mwambie yuko Dodoma, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani, na atoe pumzi polepole. Rudieni hadi atulie.

Kuhusu simu, msimnyang'anye, maana ndiyo inayomfikisha kwa mama yake. Kubalianeni tu kwamba video za mapigano zisitazamwe kabla ya kulala.

Ndoto mbaya na kushtuka katika wiki za mwanzo si ugonjwa, na wengi hupata nafuu kadiri usalama unavyorudi. Lakini akipitisha wiki kadhaa bila usingizi wa maana, akikataa chakula, au akianza kutumia pombe ili asahau, mpeleke kituo cha afya, ambako anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Mirembe, inayohudumia afya ya akili papa hapa mjini. Akisema anatamani kufa, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua, ondoa dawa na sumu ya panya chumbani, usimwache peke yake hata kidogo, na uende naye hospitali siku hiyohiyo.