Nipe ya magoti ya mama

Kila asubuhi, mwaloni Kirumba hapa Mwanza kukishachangamka na kabla sijamaliza kufuta vumbi la kaunta ya duka langu la dawa, atatokea mtu: "Dada, nipe ya magoti ya mama." Nauliza mama ana umri gani, ana presha, anatumia dawa gani nyingine. Ananitazama kama nimemchungulia chumbani. "We nipe tu zile za siku zote."

Zile za siku zote ni vidonge vya maumivu vya diklofenaki, au diklo kama tunavyoizoea. Nimeiuza miaka mingi, na hata mama yangu nilimpelekea Ukerewe kila meli ilipokwenda Nansio. Mama alikuwa kwenye dawa ya presha na ile ya kutoa maji mwilini. Siku moja dada akapiga simu: mama anapata choo cheusi kama lami, akisimama dunia inazunguka. Kidonda cha tumbo kilikuwa kinavuja damu. Kumbe zangu zikichelewa alikuwa anajinunulia gulioni vidonge vya mchanganyiko, na ndani yake mna diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja. Zangu zikifika, anaunganisha. Mimi muuza dawa sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo anza na kuuliza, ila usimuulize mzee kama anaumwa. Wazee wa Kisukuma ninaowahudumia watakujibu "mhola duhu", yaani salama tu, huku wameshika ukuta. Uliza maumivu yamemzuia nini. Leo ameinuka kitini bila kushikwa? Amechuchumaa chooni? Usiku ameamka mara ngapi? Majibu yaandike kwenye daftari la shule pamoja na tarehe, maana baada ya wiki mbili ndiyo yatakayokuonyesha kama dawa inasaidia au mnameza tu.

Kisha mwaga mezani kila anachomeza: vya hospitali, vya dukani, na ile chupa ya mizizi aliyoletewa na mtu wa Sengerema. Soma jina la dawa lenyewe, lile la maandishi madogo, maana jina kubwa la kwenye boksi ni la biashara. Hapo ndipo utakapoona parasetamoli imejificha hata kwenye dawa ya mafua.

Kwa maumivu ya kawaida ya viungo, parasetamoli ndiyo ya kuanzia. Kidonge kina miligramu 500. Mzee mwenye mwili wake, vidonge 2 mara tatu kwa siku, kila baada ya saa 6 au zaidi. Hizo ni gramu 3, asivuke hapo. Aliyekonda, chini ya kilo 50, namwambia kimoja kimoja, visizidi 4 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku aonane na daktari kwanza. Mpe kwa saa, usisubiri mpaka mzee aanze kulia. Nusu saa hivi kabla ya kwenda shambani au kuoga ni wakati mzuri.

Isipotosha, ongeza jeli ya diklofenaki ya kupaka. Ndiyo, diklo ileile, lakini ikipakwa gotini inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Fuata kipimo cha kwenye karatasi yake, usipake penye kidonda, usifunge kitambaa cha moto juu yake.

Ya kumeza kwa mzee naiogopa, pamoja na ndugu zake ibuprofeni na meloksikamu. Hupunguza ute unaolinda tumbo, hupandisha presha, na hubana damu inayokwenda kwenye figo. Mtu akiwa na dawa za presha na ya kutoa maji, figo zinaelemewa. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au aspirini ya moyo, asiiguse bila daktari. Daktari akiona ni lazima, basi iwe siku chache, kipimo kidogo, baada ya chakula, na mara nyingi ataongeza dawa ya kulinda tumbo. Na wanaosema "basi nipige sindano nikwepe tumbo" wanajidanganya: dawa hulifikia tumbo kwa njia ya damu.

Tramadoli, dawa kali ya maumivu, siitoi bila cheti cha daktari, hata uje na mjumbe wa mtaa. Humlegeza mzee, humfungia choo, na akiamka usiku kwenda msalani anaanguka. Nyonga ikivunjika, goti mtalisahau.

Kuna mambo yasiyouzwa dukani kwangu. Akae kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, ashushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Kiti kiongezwe mto kiwe juu kidogo. Fimbo ashike mkono wa upande usiouma. Karibu wote wanaipeleka upande mbovu.

Usinunue dawa, nenda hospitali, kama goti limevimba ghafla na lina moto, kama ana homa, ameanguka, anakonda, miguu imekufa ganzi au mkojo unamtoka. Maumivu ya kifua ni kuondoka saa hiyohiyo. Choo cheusi pia. Sekou Toure au Bugando, pale palipo karibu nawe, na ulizia dirisha la wazee usije ukamsimamisha kwenye foleni bure.

Mama sasa anameza parasetamoli zake saa 12 asubuhi, akiwa bado kitandani, na saa 2 yuko kwenye mihogo. Juzi kaniagiza fimbo nyingine. Ile ya kwanza ameazima jirani, hairudi.