Namna ya kuidai serikali ulinzi wa wazee walio katika nyumba za kulelea, Lubumbashi

Nyumba za wazee hapa Lubumbashi mara nyingi huendeshwa na masista, makanisa au mashirika ya hiari, na kwa sababu hiyo jamaa hudhani kwamba jambo likiharibika wa kuulizwa ni msimamizi wa nyumba peke yake. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema vingine. Kifungu cha 49 kinampa mzee haki ya ulinzi wa pekee unaolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya kiutu. Kifungu cha 27 nacho kinamruhusu kila Mkongomani, akiwa peke yake au pamoja na wenzake, kuiandikia mamlaka ya umma ombi ambalo lazima lijibiwe ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho cha 27 kinakataza pia mtu yeyote kushitakiwa kwa kuandika ombi la namna hiyo, na ni vema jirani anayeogopa kutia sahihi asomewe maneno hayo mapema.

Kwanza tenganisha mambo. Chakula kibovu au shuka chafu huzungumzwa na wasimamizi kwa heshima, maana wengi wao hubeba mzigo mkubwa kwa malipo madogo. Kipigo, au mzee kunyang'anywa pensheni yake, ni jinai, na jinai haingoji miezi mitatu: ipelekwe polisi au parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) siku hiyohiyo, pamoja na cheti cha daktari ikiwa kuna jeraha. Linalobaki ndilo la kuidai serikali, yaani ukaguzi usiofanyika, nyumba inayofanya kazi bila idhini, na msaada ulioandikwa katika bajeti lakini haukufika.

Barua nyingi hufia mezani kwa sababu zinasema "wazee wanateseka" na kuishia hapo, na afisa hawezi kulazimishwa kujibu malalamiko yasiyo na mahali wala siku. Chukua daftari la shule, na kila unapokwenda kusalimia, andika ulichokiona kwa macho yako: "Jumanne asubuhi, chumba cha wanaume: vitanda sita, wazee tisa. Bomba la uani halitoi maji tangu Jumapili. Kambo (babu) wa kitanda cha mlangoni ana kidonda mgongoni, bandeji ni ileile ya wiki iliyopita." Usiandike uliyosikia kana kwamba uliyaona. Usimpige mzee picha bila ruhusa yake, na kabla ya kutaja jina lake muulize kama anakubali, kwa sababu wewe utarudi nyumbani jioni, naye atabaki na walewale unaowalalamikia.

Barua iandikwe kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha rasmi ya ofisi, lakini wazee wenyewe wasomewe kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Ipelekwe kwa Divisheni ya Jimbo ya Mambo ya Jamii, na nakala kwa burugumesta, yaani mkuu wa komine (sehemu ya mji) husika, iwe Kenya, Katuba au Ruashi, na nyingine kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya tarehe 21 Machi 2013. Uliza mambo machache yanayojibika: nyumba hiyo ilikaguliwa lini mara ya mwisho na ripoti iko wapi; ina idhini ya nani; bajeti ya jimbo mwaka huu imetenga kiasi gani kwa ajili ya wazee, na kiasi gani kimelipwa. Nenda na nakala mbili, na usiondoke katika sekretaria bila ya kwako kupigwa muhuri wenye tarehe na jina la aliyepokea. Ukiambiwa "acha tu, mkubwa ataiona", keti ungoje. Bila muhuri huo, hiyo miezi mitatu haina mwanzo unaoweza kuuthibitisha.

Huenda afisa akakuuliza, "Watoto wake wako wapi?" Swali hilo si la bure, kwani kifungu cha 40 kinawataka watoto wasaidie wazazi wao. Hata hivyo hakifuti kifungu cha 49, na miongoni mwa wazee wa mji huu wako waliofukuzwa na watoto haohao kwa kushutumiwa uchawi, na wako waliolitumikia shirika la madini miaka mingi wakaishia bila pensheni ya kuwatosha.

Miezi mitatu ikipita kimya, peleka nakala yenye muhuri kwa mbunge wa jimbo wa eneo lenu na umwombe amhoji waziri wa jimbo katika Bunge la Jimbo, ikiwezekana kabla ya bajeti kupigiwa kura. Jibu likija na ahadi tupu, kwamba "hatua zitachukuliwa", andika tena mkidai tarehe na jina la ofisi itakayozichukua.