Kiuno kikikushika ghafla ufanye nini, na usifanye nini

Huku kwetu Moshi hili jambo kila nyumba inalijua, mtu kainama kuinua ndoo ama kushusha mkungu wa ndizi, kiuno kinashika hapo hapo, hanyooki, hakai, hata kukohoa anaogopa. Na hofu ya kwanza watu wanasema pingili imehama, basi ameshaharibika huyo. Jamani hapana. Mara nyingi ni misuli ya kiuno au kano zimevutika, afu misuli ya jirani inakaza yenyewe kulinda pale palipoumia, na huko kukaza ndo kunakufanya utembee umepinda upande. Maumivu ni makali kweli lakini ukali wake hauna maana kwamba uti wa mgongo umevunjika. Wengi wanaanza kupata nafuu ndani ya siku chache, na ndani ya wiki 4 mpaka 6 wengi wanakuwa wamerudi kwenye shughuli zao bila picha ya eksirei wala upasuaji.

Pale pale kinaposhika, achia mzigo. Usijilazimishe kunyooka na tafadhali usikubali mtu akukanyage mgongoni au akuvute miguu eti irudi mahali pake, hata kama ni babu anayeheshimika mtaani. Shuka polepole kwa magoti na mikono, lala chali kwenye mkeka, miguu pandisha juu ya kiti au stuli ili magoti yakunjike na mapaja yasimame. Tulia hivyo dakika 10 hadi 20, vuta pumzi ndefu, toa taratibu, utasikia misuli inaanza kuachia. Chali ikikataa lala ubavu na mto katikati ya magoti.

Kuinuka ndo kunawaumiza wengi upya, kwa sababu mtu anajinyanyua kichwa kwanza kama siku zote. Usifanye hivyo. Kunja magoti, jiviringishe ubavu mwili wote kwa pamoja kama gogo, shusha miguu nje ya kitanda na wakati huo huo sukuma godoro kwa kiwiko na mkono, ukishakaa pumzika kidogo ndo usimame ukisukuma mapaja kwa mikono. Mfundishe na anayekuuguza asikuvute mkono.

Sasa la muhimu kuliko yote, usilale wiki nzima. Najua unaambiwa pumzika, na watu wanakuletea mtori kitandani kwa upendo, ila kiuno kikilala sana kinazidi kukakamaa na misuli inalegea. Siku moja mbili za kupunguza shughuli zinatosha, na hata hizo inuka kila baada ya saa moja hivi utembee mpaka getini urudi, kesho ufike dukani kwa mangi, keshokutwa mbele kidogo. Kuuma kidogo wakati unatembea siyo kujiharibu, ila yakizidi sana punguza mwendo.

Joto linasaidia sana, hasa baridi ya Juni na Julai. Kanda kwa taulo la maji moto au chupa ya maji moto uliyoifunga kanga isikuunguze, dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Wengine siku mbili za mwanzo wanaona nafuu kwa barafu, sawa tu, ifunge kitambaa kwanza.

Dawa: parasetamo peke yake kwa kiuno mara nyingi haifui dafu. Ibuprofeni inafanya kazi zaidi, mtu mzima miligramu 400 mara tatu kwa siku, ukiwa umeshakula, kwa siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, presha au mjamzito asinywe bila kuongea na daktari. Na mkiwa duka la dawa jamani ulizeni majina ya vidonge, maana unaweza kupewa diklofenaki na ibuprofeni kwenye bahasha moja, hizo ni ndugu, ukizinywa pamoja unaumiza tumbo na figo bure.

Kuna wakati hutakiwi kusubiri kabisa, nenda hospitali kubwa, kwetu Moshi ni Mawenzi au KCMC, siku hiyo hiyo: mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, choo hukizuii, ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, mguu unakosa nguvu, au maumivu yameanza baada ya kuanguka toka kwenye mti au ajali ya boda. Homa, kukonda na jasho la usiku pamoja na mgongo unaouma pia usikae navyo nyumbani, TB inaweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Na aliyewahi kuugua kansa asipuuze.

Kuzuia kisirudi ni kazi ya kila siku. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, uzito ule ule ambao kwa mgumu, yaani mpagazi wa mlima Kilimanjaro, ndo kikomo cha mzigo wa mgeni, na kule kuna mizani. Nyumbani hamna mizani, mama anainua hiyo ndoo tangu alfajiri, na alfajiri ndo mbaya zaidi kwa sababu usiku zile diski za katikati ya pingili zinanyonya maji na kuvimba kidogo, kwaiyo ukiinama sana muda mfupi baada ya kuamka zinabanwa kwa nguvu. Tembea kwanza, chemsha chai, kukata majani ya ng'ombe na kuinua vizito vifuate baadaye.

Ukiinua, isogelee ndoo mpaka iwe katikati ya miguu yako, kunja magoti, ivute karibu na tumbo, inuka kwa miguu. Ukitaka kugeuka geuza miguu, usipinde kiuno huku umebeba. Bora ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono. Beseni la kufulia lipandishe juu ya benchi, jembe liwe na mpini mrefu, fagio la chelewa lifungie mti. Mkanda wa kiuno unaouzwa mjini sikushauri kuutegemea, haujaonyesha kwamba unazuia.

Maumivu yakipungua anza mazoezi: lala chali magoti yamekunjwa, inua makalio, hesabu mpaka tano, shusha, rudia mara kumi asubuhi na jioni. Ukirudi kwenye kazi za mzigo, wiki ya kwanza beba nusu, na mkungu mbebe wawili.