Tangazo la TMA likitoka: mambo ya kuzingatia kabla upepo haujafika Tanga

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huweza kutoa angalizo la upepo mkali wakati bahari pale Sahare imelala shwari na nyota zinaonekana zote. Ndiyo maana wengi hulipuuza. Lakini tangazo linazungumzia siku zijazo, na maandalizi yote yanafanyika katika utulivu huo huo.

Kabla ya yote tazama tarehe. Matangazo ya mwaka jana huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba yametoka asubuhi, kwa hiyo hakikisha kwenye kurasa za TMA wenyewe au redioni. Kisha tazama eneo. Tangazo likisema "ukanda wa pwani ya kaskazini", Tanga imo, pamoja na Dar es Salaam, mkoa wa Pwani, Unguja na Pemba. Ndugu zetu wa Bagamoyo wasisubiri kuona wilaya yao ikitajwa; wao wako ndani ya neno Pwani.

Halafu rangi, na hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi hupatikana kwa kuunganisha mambo mawili: uwezekano wa jambo kutokea, na ukubwa wa athari zake likitokea. Kwa hiyo njano inaweza kuwa na maana kwamba uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa. Soma maneno yaliyo chini ya ramani, usiishie kwenye rangi.

Kwa mvuvi, maneno yenyewe mara nyingi ni haya: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mita 2 zinampita kimo mtu mzima aliyesimama. Na kipimo cha mawimbi kwa kawaida ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, maana yake lipo wimbi moja moja litakalopanda kuliko hapo. Kwa ngalawa au mtumbwi hilo linatosha kuniambia nisitoke. Mwenye mashua ya injini ana nafasi zaidi, ila aangalie mafuta ya kurudia, jaketi okozi kwa kila kichwa, simu yenye chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji, na amwachie mtu wa nchi kavu habari ya wapi anakwenda na saa ya kurudi. Anayesafiri kwenda Pemba akiambiwa chombo hakiondoki, asitafute mashua ya kumpitisha kwa siri. Namsihi kabisa.

Linganisha pia tangazo na mwezi. Upepo ukiangukia bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupanda kuliko yalivyozoeleka, na chombo kilichofungwa kwenye alama ya juzi huelea na kuondoka. Kipandishe mapema, na nyavu uzisogeze.

Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita 50 zinasikika kidogo, lakini zikinyesha juu ya paa la mita 10 kwa 10 ni lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200, kutoka nyumba moja tu. Zibua mtaro wa mbele ya nyumba, weka vyeti na hati ndani ya nailoni mahali pa juu. Walioko kando ya Mto Pangani wakumbuke kwamba maji yake yanatoka mbali, Kilimanjaro na Meru. Mto unaweza kujaa kwako hakujanyesha. Namba za bure ni 114 kwa Zimamoto na 112 kwa Polisi. Ziandikie bibi kwenye karatasi kama simu inamsumbua.

Najua kuna wanaosema "mbona Jobo hakikuja". Ni kweli, Aprili 2021 kimbunga hicho kilipungua nguvu kabla ya kufika nchi kavu. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia. Siku tatu kabla, hakuna aliyekuwa na uhakika kipi kitafuata njia ipi, na boti iliyopandishwa bure hushushwa tena kesho yake kwa nguvu za vijana wanne.